Herufi Nne Kwenye Kioo cha Dobi

Kwa zaidi ya miaka ishirini Tak Geum-suk aliyasoma madoa ya watu wa majengo yale ya ghorofa ya Bucheon kama wengine wasomavyo magazeti. Alijua kwamba bwana wa nyumba namba 804 amerudia kunywa kabla mkewe hajanusa kitu, na kwamba binti wa 1107 ana mchumba kabla mchumba mwenyewe hajaletwa nyumbani kutambulishwa. Nguo haina siri mbele ya dobi. Hata hivyo, tangu maua ya machipuko yalipopukutika hadi majani ya vuli yalipoanza kuwa mekundu, alipiga pasi mashati ya mwanawe mwenyewe asione kwamba ncha ya mkono wa kushoto, upande wa ndani, ilikuwa imetafunwa kwa meno. Si kwamba haikupita machoni pake. Ilipita, tena kila wiki. Aliirudishia uzi, akaikandamiza kwa mvuke, akajisemea kwamba vitambaa vya siku hizi havina uimara, kisha akalitundika shati na kushika jingine.

Kilichomshughulisha wakati huo ni karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha duka, kando ya bei za kufulia makoti. Ilikuwa na herufi nne kubwa, ENTJ, na chini yake maelezo kwamba mwenye haiba hiyo ni kiongozi wa kuzaliwa, haogopi watu wala hashindwi na jambo. Chini zaidi zilipangwa picha za watu mashuhuri ambao, kwa madai ya wenye tovuti ile, walikuwa na herufi hizo hizo: mfalme wa kwenye noti ya Kikorea ya won elfu kumi, jemadari wa jeshi la majini wa kwenye sarafu ya mia, na matajiri wawili watatu. Chini kabisa, kwa kalamu, Geum-suk alikuwa ameongeza jina la bintiye: Ma Hye-rin.

"Mama Hye-rin, huyu mfalme wako bado yupo tu kiooni?" aliuliza mama wa 1203, akilaza koti la mumewe kwenye meza. "Mwanangu mimi kapata ISFP. Nimesoma wenzake ni akina nani, nikakuta mchoraji mmoja aliyekufa maskini. Nikamwambia, baba, hata kwenye herufi umekosa bahati?"

"Usimkatie tamaa. Wa kwangu kazaliwa hivyo. Alipokuwa mdogo, wageni wakija, alikuwa anapanga viatu vyao mlangoni vikanyooka kama askari wa gwaride."

"Alikuwa anavipanga ili asiingie ndani kuwasalimia," ilisema sauti nyuma ya mvuke. Ilikuwa sauti ya Ma Sang-uk, mume wa Geum-suk, ambaye alifanya kazi kwenye mashine ya pasi akiwapa watu mgongo.

Wanawake wakacheka.

"Halafu, mama wa 1203," aliendelea bila kugeuka, "kama mfalme ni ndugu yetu wa herufi, mbona noti zake hazitutembelei?"

Wakacheka tena, mama wa 1203 akifuta machozi kwa kidole. Nyuma ya duka, ambako nguo zilizokwisha kusafishwa zilining'inia ndani ya mifuko ya plastiki, hakuna aliyecheka. Hye-rin alikuwa huko, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, viatu vya kazini amevivua, koti la mtu wa 506 likimfunika uso. Kila jioni akishuka kwenye treni kutoka Seoul alipitia dukani na kukaa pale kabla ya kupanda ghorofani kwao. Mama yake aliamini kwamba mtoto huja kusaidia.

Herufi zile zilipatikana dukani humo humo, mwishoni mwa majira ya baridi. Hye-rin alikuwa ametafuta kazi kwa miaka miwili. Kampuni moja ya matangazo ilikuwa imewataka waombaji waambatanishe matokeo ya jaribio la haiba, jambo ambalo siku hizi halimshangazi mtu, maana wachumba huulizana herufi kabla ya kuulizana ukoo. Hye-rin alikuwa amekwisha kulifanya jaribio hilo mara nyingi tangu shule, na kila mara lilimpa jibu lile lile: INFP. Lakini wiki hiyo hiyo Geum-suk alikuwa amesoma tangazo la mkahawa mmoja lililosema kwamba wenye I, yaani wale wanaopata nguvu wakiwa peke yao, wasijisumbue kuomba. Wanatakiwa wenye E, wanaoipata katikati ya watu. Alipouona mkono wa mwanawe ukisitasita juu ya simu, aliinyakua.

"Lete hapa. Swali la kwanza. Ukialikwa kwenye sherehe ya watu usiowajua, unafurahi?"

"Sifurahi, mama. Unajua."

"Hawajauliza leo unajisikiaje. Wameuliza wewe ni mtu gani." Akabonyeza ndiyo, ile yenye uzito kuliko zote. "La pili. Wenzako wakishindwa kuamua, wewe ndiye unayeamua?"

"Mama, huu si uongo?"

"Uongo ni wa kumdhuru mtu. Huu unamsaidia mtu. Unadhani wenzako wanajibuje?"

Waliendelea hivyo hadi swali la mwisho, mama akiuliza na kujibu, binti akiuma ncha ya mkono wa sweta. Kazi ikapatikana, kwa kipindi cha majaribio hadi vuli. Geum-suk akaenda kuichapisha ile karatasi ya kiooni.

*

Majuma mawili kabla ya majaribio kwisha na Hye-rin kujua kama atathibitishwa, kampuni iliandaa siku ya familia. Wazazi wa wafanyakazi wapya walialikwa kula, kucheza na kuona watoto wao wanafanya kazi wapi. Hye-rin alikaa na habari hiyo moyoni mpaka ujumbe wa mwaliko ulipofika moja kwa moja kwenye simu ya mama yake.

"Ulikuwa unatuficha?" Geum-suk aliuliza, akiishika simu juu kana kwamba ni samaki aliyemvua mwenyewe. "Au nguo zetu zinanuka dawa ya udobi?"

"Si hivyo, mama. Wamenipa mimi kusherehesha. Nisimame mbele na kipaza sauti, niwachangamshe watu."

"Baba Hye-rin! Umesikia? Wamempa yeye!"

"Nimesikia," alisema Sang-uk. "Yeye je, amefurahi?"

"Kiongozi Seol alisema kazi hiyo ni ya ENTJ," Hye-rin alisema. Kiongozi Seol ndiye aliyeongoza kitengo chao, kijana bado, mwenye mzaha mwingi. "Kila kitu cha mbele ni changu. Chakula cha jioni cha kitengo, mimi ndiye wa kuinua glasi kwanza. Kwenye chumba cha kuimbia karaoke, mimi ndiye wa kuanza. Mteja mgumu akija, mimi. Mama, naomba niseme naumwa. Siku hiyo tu."

"Kuumwa! Majuma mawili kabla ya kuthibitishwa? Mtoto, watu wanaulilia mlango huo. Wewe umeshaingia, unataka kutoka kupitia dirishani?"

Hye-rin akatazama plastiki zilizoning'inia. "Sawa, mama," alisema, na Geum-suk alihesabu neno hilo kuwa ni ushujaa.

Jumamosi ilipofika, walifunga duka mchana mzima, jambo ambalo hawakulifanya hata Sang-uk alipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Geum-suk alivaa suti ya zambarau aliyoinunua kwa harusi ya mpwa wake. Alimpigia bintiye pasi shati jeupe, akairudishia uzi ncha ya mkono wa kushoto, akamfunga kifungo kwa mkono wake mwenyewe kama siku ya kwanza ya shule.

*

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya juu, na kila meza ilikuwa na bango dogo lenye herufi za mfanyakazi. Wazazi wengine walikaa wakikagua mabango ya majirani, wakiulizana kwa sauti ya chini wa kwako ni nani, wa kwangu yuko sawa na mwanafizikia fulani, eti wa kwangu yuko sawa na mwigizaji. Geum-suk aligeuza bango lao kidogo ili lionekane vizuri kutoka mlangoni.

Hye-rin alipanda jukwaani. Alisema karibuni, akasema majina ya wakubwa kwa utaratibu wake, kisha akanyamaza. Mwanzoni watu walidhani anasubiri watulie, wakatulia. Ndipo ukimya ukawa wake peke yake. Midomo yake ilicheza, sauti haikuja, na kwenye kipaza sauti zilisikika pumzi zake, fupi fupi, ukumbi mzima.

"Jamani, ENTJ wetu leo betri imekwisha!" Kiongozi Seol alirukia jukwaani na kukichukua kipaza sauti kwa upole. Watu wakacheka kwa kufarijika. "Mpigieni makofi apate chaji. Sasa twende kwenye mchezo wenyewe! Mzazi anaandika herufi za mtoto wake, mtoto anaandika zake, hakuna kutazamana. Wakilingana, wanaondoka na jiko la umeme la kupikia wali. Tunaanza na nani? Mama Hye-rin, mama yetu wa suti ya zambarau, usijifiche!"

Geum-suk hakuwa amejificha. Alipanda akiinama kwa watu pande zote, akapewa ubao mdogo mweupe na kalamu ya wino. Aliandika haraka, herufi kubwa zilizojaa ubao. Kando yake Hye-rin aliandika polepole, kama mtu anayeandika jina lake baada ya kuugua muda mrefu.

"Moja, mbili, tatu, geuzeni!"

Ubao wa mama ulisema ENTJ. Ubao wa binti ulisema INFP.

Kicheko kilipasuka, kwa maana watu walidhani ni mzaha ulioandaliwa. Kiongozi Seol naye alicheka, kisha akamtazama Hye-rin na kuona kwamba yeye hacheki. "Hebu, hebu. Mama yetu, hapa nani mkweli?" aliuliza, na kumsogezea Geum-suk kipaza sauti mdomoni.

Alikuwa na nafasi ya kusema. Baadaye, akipiga pasi, angeirudia nafasi ile na kuipima, na kila mara angeiona ilikuwa pana vya kutosha kwa sentensi moja: nilimjibia mimi. Lakini mbele yake walikuwa wazazi wa wanafizikia na waigizaji, na bango lao mezani, na karatasi kiooni kule Bucheon, na mama wa 1203. Akacheka kicheko cha dukani.

"Mwanangu kachoka tu, amechanganya. Tangu utotoni ana mzaha," alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa. Mimi namjua."

"Mama haongopi!" Kiongozi Seol alipaza sauti, akishukuru kupata pa kutokea. "Jiko ni la mama!"

Makofi yalipigwa. Boksi likawekwa mikononi mwa Geum-suk, zito kuliko alivyotarajia, na mpiga picha akawaomba wasogeleane. Ndipo alipogeuka kumtazama bintiye. Hye-rin alikuwa ameinua mkono wa kushoto mdomoni, ncha ya mkono wa shati ikiwa katikati ya meno, akiitafuna taratibu bila kujijua, akiitazama kamera. Uzi mweupe ulioshonwa asubuhi ulikuwa umening'inia kidevuni.

*

Hye-rin alibaki kusaidia kufungasha meza. Wazazi wake walirudi kwa treni, boksi likiwa mapajani mwa mama, kwa sababu hapakuwa na nafasi kwenye rafu. Picha ya wali mweupe unaofuka mvuke, iliyochapwa kwenye boksi, ilimtazama mtu aliyesimama mbele yao. Walifungua duka kuweka mzigo.

Geum-suk hakuvua suti. Alikwenda moja kwa moja kwenye henga za nguo za mwanawe, akayashusha mashati yote, akayageuza mikono ya kushoto nje. Kila mmoja ulikuwa na mshono aliouweka yeye mwenyewe, safi, wa mtu anayejua kazi, na chini ya mshono alama za meno.

"Ulijua?" aliuliza.

"Ya mashati sikujua. Mashati yake unayapiga pasi wewe." Sang-uk aliketi kwenye ndoo ya Hye-rin. "Nilijua tu kwamba anajificha huku. Nilikuwa nafungua mvuke mwingi ili wateja wasisikie."

"Wasisikie nini?"

Sang-uk aligeuza uso kuelekea mifuko ya plastiki.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema, Mama Hye-rin. Nilisema kila siku mbele ya wateja, mkawa mnacheka." Alisugua magoti yake. "Nami nikaacha mcheke, kwa sababu ukisema kwa mzaha hakuna anayekudai usimame na neno lako. Kwa hiyo usinione mimi msafi. Lakini nitakuambia kitu kimoja. Unakumbuka mama yako alivyonikataa?"

Geum-suk alikumbuka. Miaka ile watu hawakuulizana herufi bali kundi la damu, na wanaume wa kundi B walisemwa kuwa wabinafsi, wasiotulia, wasiofaa kuoa. Mama yake alikuwa amefunga mlango na kusema kupitia upenyo kwamba hatamwoza mwanawe kwa mtu wa B. Geum-suk alilia siku nyingi, akaapa kwamba yeye hatampima mtu kwa kitu ambacho hakukichagua.

"Mama yako alimkataa mtoto wa mwenzake kwa damu," alisema Sang-uk. "Wewe umemkataa wako kwa herufi. Na yeye alikuwa amesimama hapo hapo, bega kwa bega na wewe."

Alisema bila ukali, na pengine kama angefoka ingekuwa rahisi zaidi kumjibu.

*

Jumatatu jioni Hye-rin alipitia dukani kama kawaida, lakini hakwenda nyuma. Alisimama upande wa wateja, na Geum-suk, aliyekuwa ameshika simu tangu mchana akitafuta namba ya ofisi, aliificha chini ya meza.

"Usiwapigie, mama. Nimeshasema mwenyewe."

"Umesema nini?"

"Kwamba majibu hayakuwa yangu. Sikukutaja. Nilisema tu hayakuwa yangu."

Geum-suk alishika ukingo wa meza. "Wakakufukuza?"

"Kiongozi Seol alifungua faili langu kwanza. Halafu akaniuliza kwa nini nilihangaika, kwa sababu karatasi ile ya jaribio hawakuiangalia walipokuwa wanaajiri. Waliangalia maandishi yangu. Yale matangazo matatu niliyoambatanisha, alisema waliyasoma kwa sauti kwenye kikao." Alisema hayo huku akiitazama mashine ya pasi, aliposimama baba yake, si mama yake. "Herufi walizitoa baadaye, walipokuwa wanapanga nani akae wapi. Wenye I waliwekwa kwenye meza ya kuandika. Mimi nikawekwa mbele."

"Basi si wakurudishe kuandika?"

"Meza ya kuandika imejaa. Anasema ningesema mwezi wa kwanza wa majaribio. Sasa ripoti ya majaribio yangu ni ya kazi ya mbele, na kazi ya mbele nimeshindwa. Kila mtu aliona Jumamosi. Hawatanithibitisha. Alinishauri niandike barua mwenyewe, itaonekana vizuri zaidi."

Mama wa 1203 aliingia wakati huo, kengele ya mlango ikilia, akafungua mdomo kuuliza habari za sherehe. Aliwatazama wote watatu, akasema koti atakuja kulichukua kesho, na kutoka.

Geum-suk alitaka kusema mengi. Kwamba alihofia, kwamba miaka miwili ya kumwona mtoto akifungua simu kila asubuhi na kuifunga ilimmaliza, kwamba hakuna mama anayetaka ubaya. Yote yalikuwa kweli, na alipoyafikiria yalinuka kama madoa yaliyopuliziwa manukato.

"Nilisimama mbele ya watu nikakufanya mwongo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na nilikuwa najua."

"Ndiyo."

"Nisamehe."

Hye-rin hakusema amesamehe. Alivua koti, akalilaza mezani kama mteja yeyote, na kumwomba mama yake asilishone tena lile shati jeupe la Jumamosi, amwachie lilivyo. Kisha akapanda nyumbani. Sang-uk alizima mashine, na kwa mara ya kwanza katika miezi ile duka lilikuwa kimya kabisa, na nyuma ya plastiki hapakuwa na mtu.

*

Hye-rin aliacha kazi mwezi ule. Ilichukua majira yote ya baridi kupata nyingine, ya kuandika maelezo ya bidhaa kwa ofisi ndogo ya Incheon yenye watu wachache, yenye mshahara mdogo kuliko wa kwanza, ambako hakuna aliyemtaka aimbe. Alipanga chumba huko. Siku ya kuhama walikula tambi za mchuzi mweusi juu ya maboksi, kama ilivyo ada ya wanaohama. Geum-suk alikuwa ameleta lile jiko la wali, halijafunguliwa bado. Hye-rin alilitazama boksi, akasema asante, atanunua dogo la mtu mmoja. Walirudi nalo, na Sang-uk akampa mlinzi wa jengo.

Hye-rin huja Jumapili, si kila Jumapili. Hukaa upande wa mbele, kwenye kiti cha wateja, na wakati mwingine huzungumza. Karatasi iliondolewa kiooni siku ile ile ya Jumatatu, na gundi iliyobaki ilimpa Geum-suk kazi ya kuikwangua siku kadhaa. Mama wa 1203 hajaacha kuuliza. Msimu huu kuna jaribio jipya, lenye maswali zaidi na watu mashuhuri zaidi, na jengo zima limelifanya. Mtu akimwuliza Geum-suk mwanawe ametokea herufi gani safari hii, humjibu kwamba hajui, amuulize mwenyewe, kisha humwandikia risiti yake ya nguo.